Kufuli Kwenye Tanki la Tipa

Saa mbili na dakika kumi asubuhi simu yangu iliita nikiwa nimelala chini ya lori la mtu mwingine, na kabla sijajivuta nje nilikuwa nimekwisha kuamua nani mwenye hatia. Saa hiyo naijua kwa sababu niliiandika. Miaka ile nilikuwa na daftari lenye jalada gumu, na kila gari lililoingia gereji yangu pale Kasese lilikuwa na ukurasa wake: siku lilipofika, malalamiko ya mwenyewe, nilichokiona kwa macho yangu, na nilichokishuku. Safu ya nne ndiyo iliyokuwa ikijaa haraka kuliko zote.

Aliyepiga alikuwa mama mmoja wa Bwera, mwenye tipa moja ya tani saba. Kabla ya kununua lori alikuwa ameuza mawese ya Kongo kwa madumu katika soko la Mpondwe, pale mpakani, miaka mingi, na alikuwa bado na sauti ya mtu anayeshindana na soko zima.

"Fundi, bodi imesimama katikati," alisema. "Haipandi. Mchanga wote uko ndani na mwenye kujenga ananiangalia."

"Inalia vipi?"

"Kama mawe ndani ya debe. Na huyu Mukongo wako amekaa kando anatafuna muwa."

"Si wangu, mama."

"Leo ni wako. Nimemwambia asiiguse tena. Nimeita afande, anakuja saa sita. Wewe fika mbele yake, uone huyu aliifanya nini pampu yangu, unieleze, nami nijue la kumweleza afande."

Mkongo aliyemtaja alikuwa dereva wake, mtu wa miaka thelathini na kitu aliyevuka mpaka kutoka upande wa Beni na mke na mkwe wake, akapata chumba Mpondwe na kazi ya kuendesha tipa hiyo. Majuma matatu nyuma, mbele yangu, mama alikuwa amemwambia kwamba pampu ikiharibika mikononi mwake, kazi imekwisha na mengine atayamalizia polisi. Karatasi zake za ukimbizi zilikuwa za kambi iliyo mbali na Kasese, alikotakiwa kukaa, na sote watatu tulijua afande angeanza kwa kuziomba hizo. Basi jambo la siku ile lilikuwa hilo. Neno langu, kabla ya saa sita, ndilo lingesema kama mtu huyo anabaki au anaondoka.

Nilipakia spana, geji ya kupimia msukumo na gogo la mkaratusi kwenye pikipiki, nikashika njia ya Kikorongo.

Pampu hiyo nilikuwa nimeifunga mwenyewe, wiki tano kabla. Si kitu kikubwa. Ukiishika kwa mikono miwili utadhani ni tofali la chuma. Ndani yake mna gia mbili zinazokaribiana kiasi kwamba unywele haupiti, nazo huzungushwa na giaboksi ya lori. Pampu huvuta mafuta kutoka kwenye tanki lake, si lile la dizeli, na kuyasukuma kwenye jeki ndefu iliyo nyuma ya kabini. Jeki hunyoosha shingo, bodi yenye mzigo ikainuka, mchanga ukamwagika. Shule niliiachia kidato cha pili. Kazi hii nilijifundisha kutoka kwenye kitabu cha Kiingereza cha kiwanda cha pampu nilichokiokota katika vyuma chakavu, nikakisoma na kamusi pembeni kwa miaka miwili. Mtu aliyejifundisha peke yake ana kasoro moja: hakuna aliyemsahihisha, kwa hiyo huamini kwamba kosa liko kwa wengine.

Wiki mbili baada ya kuifunga, mama alipima mafuta ya tanki kwa kijiti nilichompa na kukuta yamepungua lita nne. Alileta tipa Kasese siku iyo hiyo, yeye akiwa amekaa kabini kama mlinzi. Nikapima mwenyewe, bodi ikiwa imeshuka na gari likiwa mahali tambarare, mara tatu. Lita nne kamili. Nikapangusa kila kiungo kwa kitambaa cheupe, nikaacha gari saa nzima, nikapangusa tena. Kitambaa kilibaki cheupe.

"Haivuji," nilimwambia mama.

"Basi yananywewa," alisema, akimtazama dereva.

"Mimi sikunywe mafuta, mama," dereva alijibu. "Mimi niko mutu wa chai."

Hakucheka mtu. Ningeweza kuzungumza naye Lhukonzo, maana lugha ya kwao na yetu watu wa milimani Mahango ni karibu moja, bibi yangu asingetofautisha. Lakini yeye alishika Kiswahili cha kwao, nami nikashika changu, na hilo nalo niliandika katika safu ya nne: anakwepa lugha ya nyumbani. Sasa naona kwamba mimi nami nilikuwa naikwepa. Ni vigumu kumshuku mtu kwa lugha ya bibi yako.

Ndipo nikatoa wazo la kufuli, na wazo hilo lilikuwa langu peke yangu. Mfuniko wa tanki uliokuja na gari ulikuwa wa kuzungusha kwa mkono, na juu yake kulikuwa na kichujio kidogo chenye vitundu. Mtu yeyote angeufungua, na hata bila kuufungua, nilifikiri, angeweza kung'oa kile kichujio na kupitisha mpira mwembamba wa kunyonya. Nikauondoa wote. Nikachonga bamba la chuma la milimita nne, nikalichomea bawaba upande mmoja na pete ya kufuli upande wa pili. Ufunguo mmoja nikampa mama, wa pili nikabaki nao. Nilimtoza elfu sitini.

Lazima niseme wazi nilichokuwa nakijua. Nilijua tanki linahitaji hewa. Kitabu changu kilikuwa na ukurasa mzima juu ya jambo hilo, wenye mchoro. Lakini bamba langu lilikuwa la mkono, halikukaa sawasawa juu ya mdomo wa tanki, na nilihesabu kwamba hewa ingepenya kwenye ukingo bila mtu kuweza kupenyeza kitu. Nikainua bodi mara tatu pale uani. Pampu ilinguruma vizuri. Nikaandika: imejaribiwa, safi.

Siku tatu baadaye tipa ilirudi. Gari likipanda mlima, mafuta yalichuruzika kidogo chini ya bamba na kulowanisha ubavu wa tanki. Kijiko kimoja, viwili. Fundi mwingine angelicheka. Mimi niliona mlango: sasa dereva akiiba lita tatu atasema zimevuja kwenye bamba la fundi. Nikakata mpira kutoka kwenye tyubu ya gurudumu, nikaubandika kuzunguka mdomo wa tanki, nikafunga bamba juu yake na kulikaza mpaka kufuli likaingia kwa nguvu. Sikuinua bodi tena kulijaribu. Nilikuwa nimekwisha kulijaribu, na ilikuwa imeandikwa.

Dereva alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono mgongoni.

"Patroni," akasema, jina la bosi kwa Kiswahili cha kwao, "sasa hewa itapita wapi?"

"Hewa si kazi yako. Kazi yako ni usukani."

"Nauliza tu."

"Mbona unauliza kuhusu mfuniko? Wenzako huuliza kuhusu breki."

Alipoondoka niliandika: *ameulizia mfuniko*, nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyapanga kichwani nikikata kona za Kisinga. Nilijiuliza dereva aliifanyaje pampu. Labda alikuwa amevunja kufuli na kujaza maji mahali pa mafuta. Labda alikuwa na ufunguo wa tatu. Nilimshuku hata mama, kwamba alizidisha mzigo na sasa anatafuta wa kumbebesha. Nilimshuku muuza vipuri wa Kampala aliyeniuzia pampu, kwa kuwa boksi lake lilikuwa na gundi mpya. Mtu mmoja tu hakuwa kwenye orodha.

Nilifika saa nne na dakika arobaini. Tipa ilisimama kwenye kiwanja cha ujenzi juu kidogo ya barabara ya Mpondwe, bodi ikiwa imeinuka nusu, mchanga wa mto Mubuku umeteleza kidogo nyuma na kukwama. Wapakuaji wanne walikaa juu ya matofali na makoleo yao wakingoja kuona nani atalipa. Dereva alikuwa kweli anatafuna muwa. Mama alisimama katikati, leso kiunoni.

"Umechelewa," alisema. "Afande ni mutu wa saa."

"Nimeendesha kilomita sitini, mama."

"Mpime huyu kwanza, kilomita utanihesabia baadaye."

Kwanza niliweka gogo la mkaratusi chini ya bodi, maana bodi iliyoinuka haina rafiki. Kisha nikalala chini nikachunguza. Kufuli lilikuwa zima, bila mkwaruzo. Bolti zote za pampu zilikuwa na alama ya rangi nyeupe niliyozipaka, na alama zote zilikuwa mahali pake, hakuna aliyegusa. Hozi ya kuvuta, ile nene inayotoka kwenye tanki kwenda kwenye pampu, ilikuwa imebanana katikati kama utumbo wa mbuzi uliokauka. Hilo lilinishtua kidogo. Nikapapasa ubavu wa tanki. Bati lake lilikuwa limebonyea ndani, kina cha kidole.

"Ameligonga?" mama aliuliza.

"Subiri."

Nilitoka chini, nikatoa ufunguo wangu, nikafungua kufuli. Bamba halikuinuka. Nikalivuta kwa mkono, likakataa. Nikachomeka bisibisi chini ya ukingo wa ule mpira na kuusukuma.

Tanki lilivuta pumzi. Sina neno lingine. Lilivuta hewa kwa mluzi mrefu uliopanda na kushuka, na lile bati la ubavuni likarudi mahali pake kwa mlio mmoja, dang, mpaka mpakuaji mmoja akasimama. Nilibaki nimeshika bisibisi.

Kila safari, jeki ilipojinyoosha, mafuta yalitoka kwenye tanki na hakuna kilichoingia mahali pake. Pampu ilikuwa ikinyonya dhidi ya utupu. Mafuta yanaponyonywa hivyo hutoa mapovu, mapovu yakifika kwenye gia hupasuka, na kila povu linalopasuka hunyofoa chembe ya chuma. Kitabu kilikuwa na picha yake. Siku kumi na nane za safari mbili mbili. Hakuna aliyeigusa pampu ile. Nilikuwa nimeinyonga mwenyewe, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Nikatazama juu. Mama alikuwa akinitazama kama anavyotazama mizani. Wapakuaji hawakuelewa walichosikia. Dereva alikuwa ameacha kutafuna. Yeye alielewa, nikaona kwamba ameelewa, na hakusema kitu. Hilo ndilo lililonisumbua zaidi. Nilitazama saa: saa tano na dakika tano.

Nakiri kwamba nilihesabu. Ningeweza kufunga bamba, kuchovya kidole kwenye mafuta yenye povu na kusema yamechanganywa. Mama angeamini kwa sababu alitaka kuamini. Afande angekuja, karatasi zingeombwa, na bei ya pampu isingekuwa shida yangu tena. Nilisimama pale muda wa kutosha kufuta mikono mara mbili kwa kitambaa kile kile.

"Mama," nikasema, "kosa ni langu."

Hakubadilika uso. "Kosa gani?"

"Pampu imekufa kwa sababu ya kufuli nililoweka. Dereva hajafanya kitu."

Alinisogelea. Akashusha sauti, na kwa mtu wa sauti yake hiyo ilikuwa hatari.

"Amekupa ngapi?"

"Nani?"

"Huyu. Nyinyi watu wa mlima na hawa wa ng'ambo, lugha moja. Mumeongea kwa simu njiani. Fundi gani anakuja kilomita sitini kujishitaki? Mimi nimefanya biashara mpakani, sijaona hata mmoja."

Sikulitegemea hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, si kwa kushukiwa. Nikaanza kumweleza mambo ya utupu na mapovu, kwa maneno ya kitabu, na kadiri nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mtu aliyelipwa. Dereva akatikisa kichwa pole pole.

"Patroni, usimuelezee vile," akasema. "Muulize mawese."

"Wewe nyamaza," mama akamwambia.

Lakini mimi nilikwisha kushika. "Mama, ulipokuwa unauza mawese, ukifungua dumu jipya na kulimimina, yanatokaje?"

"Yanatoka kwa kugugumia. Yanakwama, yanarusha."

"Ulifanyaje?"

"Nilitoboa kwa msumari, juu karibu na mkono. Kila mutu Mpondwe anatoboa. Bila tundu dumu linajibana, hayatoki." Akageuka akalitazama tanki, kisha bamba, kisha ule mpira mweusi wa tyubu niliokuwa nimeubandika vizuri pande zote. Ilimchukua muda mfupi kuliko ulivyonichukua mimi.

"Kwa hiyo uliniwekea dumu bila tundu," alisema.

"Ndiyo."

"Na ukanitoza elfu sitini."

"Ndiyo, mama."

"Hata mbeba mizigo wa Mpondwe, asiyejua kuandika jina lake, angekuambia. Wewe una vitabu." Mpakuaji mmoja akacheka, mama akamtazama, akaacha. "Na mafuta ya mwanzo? Lita nne? Hizo pia ni tundu?"

"Hizo sijui."

"Hujui, au hutaki kujua?"

"Sijui. Niliangalia, sikuona linapovujia. Zaidi ya hapo sina."

Alitembea mpaka ukingoni mwa kiwanja na simu sikioni. Niliona mgongo wake tu. Niliposikia, "Afande, basi, ni mambo ya fundi," nilitazama saa bila kutaka. Ilikuwa saa tano na nusu imepita kidogo. Dereva akakitupa kikonyo cha muwa, akapanda ndani ya bodi pamoja na wapakuaji, akachukua koleo. Walitoa mchanga wote kwa mikono mpaka saa nane. Nami nilishika koleo, ingawa hakuna aliyeniomba.

Tulivuta tipa mpaka Kasese kesho yake. Nilipofungua pampu, nyuso za gia zilikuwa na vishimo vidogo vidogo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Niliziweka juu ya gazeti na kuzitazama muda mrefu. Kitu kinachofanana kabisa na picha ya kitabuni hakikupi pa kujificha. Pampu mpya ilifika siku ya nne. Nilibadilisha hozi na kichujio, nikamwaga mafuta yote ya zamani, maana yalikuwa na unga wa chuma, na nikarudisha mfuniko wa kiwandani na vitundu vyake.

Dereva alikuja kuchukua gari peke yake. Tuliinua bodi, tukaishusha, tukainua tena, safari hii ikiwa na mawe ndani. Aliposhuka kabini alisimama karibu nami na kuanza kusema Lhukonzo, kile cha kwao kinachovuta mwisho wa maneno. Ilikuwa mara ya kwanza.

Aliniambia kwamba zile lita nne alizitoa yeye. Tipa ya mtu wa Butembo, upande wa kwao, ilikuwa imepasuka hozi pale forodhani, bodi ikiwa juu, imefunga njia, na dereva wake ametishwa na kila mtu. Walibadilisha hozi lakini mafuta yalikuwa yamemwagika. Madereva wa kwao, alisema, hawaachani pale mpakani. Leo mimi, kesho wewe. Alimpa lita nne ili bodi ishuke njia ifunguke. Yule mtu aliahidi kuyarudisha safari ijayo, na hakuonekana tena.

"Kwa nini hukumwambia mama?"

"Ningesema nini? Kwamba nilimpa mafuta yake mtu nisiyemjua jina? Wewe ungeniamini?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, kwa kuwa swali lilistahili hesabu.

"Hapana," nikasema.

"Na sasa?"

Niliokota spana zangu. Ni kisa kinachowezekana. Nimeona tipa zikifunga njia pale Mpondwe, na nimeona madereva wakichangiana mafuta kwa chupa. Pia ni kisa ambacho mtu aliyeuza lita nne kwenye mashine ya kusaga angekibuni kwa urahisi, hasa baada ya kuona fundi amelainika. Sijui kwa nini aliniambia, wakati hakuna aliyekuwa akiuliza tena. Alipanda kabini, akapiga honi kidogo pale langoni, akaondoka. Aliendesha tipa ile kwa miaka mingine miwili niliyoijua mimi.

Jioni hiyo mama alipiga simu kuuliza hesabu ya hasara niliyokubali kulipa. Alisema kwamba nikiweza kuthibitisha habari ya yale mafuta ya kwanza, atayaondoa kwenye deni langu na kuyakata kwenye mshahara wa dereva. Yeye hataki fundi alipie mwizi. Nilikuwa na daftari mbele yangu, ukurasa wa tipa yake umefunguliwa, na kalamu mkononi. Nilimwambia sina uthibitisho wowote. Akasema basi, nitume pesa.

Nililipa gharama zote kwa mafungu matatu: pampu, mafuta, hozi na kichujio, wapakuaji, na zile elfu sitini za kufuli nilizomrudishia. Jumla ilikuwa shilingi milioni moja, laki nane na elfu hamsini na tano.